Jinsi ya kusikiliza "Olias of Sunhillow" kwa mara ya kwanza na kufika mwisho

Kila ninapomtajia mtu albamu hii, siku mbili tatu baadaye napata ujumbe uleule: "Nimejaribu, nimefika wimbo wa pili nikaacha. Anaimba lugha gani huyu? Ngoma ziko wapi? Na hicho kisa unachokisema mbona sikioni?" Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaweka mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye hujawahi kukaa na albamu ya progresivu roki (roki ya nyimbo ndefu zenye mipangilio mingi) inayosimulia kisa kimoja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na unataka kuanza na hii ya Jon Anderson.

Machache tu ya kujua kwanza. Anderson ni Mwingereza, mzaliwa wa Accrington, Lancashire, mwaka 1944. Yeye na mpiga besi Chris Squire ndio walioanzisha kundi la Yes mwaka 1968. Baada ya albamu yao ya Relayer ya 1974, wanakundi wote watano walikwenda kila mmoja kutoa albamu yake. Anderson alijifungia kwenye studio ya nyumbani kwake Seer Green, Buckinghamshire, akiwa na fundi sauti Mike Dunne, akapiga ala zote mwenyewe: kinubi, gitaa, vinanda vya umeme, ngoma na vya kugonga vingine. Juu yake akaimba, akaimba tena juu ya alichoimba, na tena, mpaka mtu mmoja akawa umati. Albamu ilitoka Julai 1976 kwa kampuni ya muziki ya Atlantic, ikafika nafasi ya 8 Uingereza na ya 47 Marekani. Huhitaji kuijua Yes ndiyo uielewe.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Dakika 44 zisizokatwa, na nyingine 10 kabla yake za kusoma. Kama una dakika 20 tu leo, ngoja kesho.

Albamu nzima, nyimbo zote 8, kwa mpangilio wake. Ukiipata kwenye santuri ni bora zaidi, kwa sababu jalada lake la kukunjua, lililochorwa na David Fairbrother-Roe, ni sehemu ya kazi yenyewe. Kama utanunua diski, lipo toleo la 2021 la Esoteric Recordings, lililosafishwa sauti upya. Kwenye simu pia inatosha, ila pakua nyimbo zote kwanza.

Hedifoni za waya zinazofanya kazi masikio yote mawili, au spika mbili zilizotengana. Usitumie spika ya simu. Hapa sibembelezi: sauti katika albamu hii zimepangwa kushoto, kulia, mbele na nyuma, na spika ya simu inazikunja zote zikawa mlio mmoja mwembamba kama redio iliyo mbali na kituo.

Mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayekuuliza kitu. Usiku baada ya watu kulala ndio wakati wangu.

HATUA ZENYEWE

1. Soma kisa kabla ya kubonyeza chochote.

Hapa ndipo karibu kila mgeni anapoangukia. Tumezoea kwamba kisa cha wimbo kimo ndani ya maneno ya wimbo. Anayesikiliza utenzi wa Fumo Liyongo anafuata beti na kisa kinamfikia. Hapa sivyo. Kisa kiliandikwa kwenye jalada la santuri. Nyimbo ni sauti za kisa hicho. Anayesikiliza kwenye simu bila jalada ni kama mtu aliyeingia harusini bila kujua nani anaoa. Basi nakupa kisa chenyewe, kwa kifupi:

Sunhillow ni sayari iliyo ukingoni mwa kuangamia kwa milipuko ya volkano. Wanaishi humo makabila manne, Nagranium, Asatranius, Oractaniom na Nordranious, na kila kabila lina namna yake ya kuuishi muziki. Watu watatu wanajitokeza kuwaokoa. Olias ndiye mjenzi: anaunda chombo cha kusafiria angani kiitwacho Moorglade. Ranyart ndiye nahodha wa kukiongoza. Qoquaq ndiye kiongozi anayeyakusanya makabila manne yakubali kuondoka pamoja. Wanapaa, sayari nyuma yao inapasuka. Njiani, katika anga lisilo na mwisho, abiria wanashikwa na hofu, na hofu hiyo inazaa kitu cha giza, Moon Ra, kinachotaka kukivunja chombo. Wanatulizwa, wanaendelea, wanafika kwenye sayari mpya, Asguard. Watu wanapoanza maisha yao, wale watatu wanaupanda mlima mrefu kuliko yote na kuungana na ulimwengu.

Soma aya hiyo mara mbili. Majina usiyakariri yote. Yashike matatu: Olias anajenga, Ranyart anaongoza, Qoquaq anakusanya.

Ukitaka picha ya kuanzia kichwani, tafuta jalada la Fragile, albamu ya Yes ya 1971, lililochorwa na Roger Dean: sayari ndogo yenye miti, na chombo cha mbao kinachopita angani juu yake. Anderson alikichukua kisa chake kutoka kwenye mchoro huo, akajiuliza chombo kile kinakwenda wapi na kimebeba nani.

2. Tayarisha simu.

Nyimbo zikishapakuliwa, weka simu kwenye hali ya ndege ili ujumbe na simu za watu zisiingie katikati. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Nenda kwenye mipangilio ya programu yako, utafute kama kuna kinachoingiza ukimya kati ya wimbo na wimbo, ukizime, kwa sababu nyimbo nyingi hapa zinamwagikiana moja ndani ya nyingine. Ikwalaiza nayo iache sawa. Ukiongeza besi, vinanda vinavuma na kinubi kinazama.

3. Jaribu masikio.

Chukua wimbo wowote unaoujua vizuri, usikilize nusu dakika. Hakikisha kushoto kunasikika na kulia kunasikika. Weka sauti kiasi cha mtu anayezungumza nawe mezani, usiongeze zaidi. Albamu inaanza polepole na kimya, na anayeongeza sauti pale mwanzoni atashtuka mbele.

4. Anza, na dakika tatu za kwanza usitafute wimbo.

"Ocean Song" ni mlango. Hamna beti wala kiitikio. Kuna vinanda vinavyopanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa, na juu yake nyuzi na sauti isiyotamka neno. Anayeizoea taarabu ya asili hapa ana faida kubwa: unajua bashraf inavyopigwa kabla mwimbaji hajasimama, na hakuna anayelalamika kwamba nyimbo zimechelewa. Ichukulie hivyo hivyo. Kaa.

Katika "Meeting (Garden of Geda) / Sound Out the Galleon" ndipo sauti ya Anderson inaingia waziwazi. Ni ya juu sana kwa mwanamume, nyororo, isiyokwaruza. Wengine huichukia dakika ya kwanza na kuipenda ya kumi. Mpe nafasi.

5. Usitafsiri maneno. Fuata sauti.

Utasikia Kiingereza, kisha maneno ambayo si Kiingereza wala lugha yoyote. Anderson aliyaunda mwenyewe kwa ajili ya watu wa Sunhillow, na hata Kiingereza chake mara nyingi anakichagua kwa mlio wa neno kuliko maana yake. Huna haja ya kamusi. Jiulize maswali mawili tu: sasa ni mtu mmoja au ni watu wengi? Wana amani au wana hofu? Ukiweza kuyajibu hayo, uko ndani ya kisa.

Mfano mzuri ni wimbo wa nne, wenye sehemu tatu: "Qoquaq Ën Transic", "Naon" na "Transic Tö". Ni dakika saba hivi. Hapa Qoquaq anayaita makabila. Mwanzo ni mvumo mzito kama mtu anayesali peke yake gizani. Halafu kwenye "Naon" zinakuja ngoma na sauti za kuitikiana, na ghafla uwanja umejaa. Mara yangu ya kwanza kuisikia kwa hedifoni nilikuwa nimekaa mkekani barazani, umeme umekatika, mtaa mzima kimya, bomba la jirani linadondosha tone moja moja kwenye ndoo. Zilipoingia zile sauti niligeuka nyuma, nikidhani kuna watu wamefika getini. Wote wale ni mtu mmoja, kwenye chumba kimoja, anaimba nafsi yake juu ya nafsi yake mara kwa mara. Wiki moja kabla nilikuwa nimeupitisha wimbo huohuo kwenye spika ya simu huku naosha vyombo, na sikuusikia kabisa.

6. Baada ya "Flight of the Moorglade", simama kidogo.

Huu ni wimbo wa tano na ndio mwisho wa upande wa kwanza wa santuri. Chombo kimepaa, na ni wimbo wa furaha kweli, mfupi, wenye kiitikio utakachokikumbuka asubuhi. Mwenye santuri hapa anainuka kugeuza. Mwenye simu, simamisha nusu dakika, kunywa maji, rudi. Pumziko hilo lilikuwemo katika kazi tangu 1976, na sikio linalihitaji.

7. Upande wa pili: jiandae kwa wimbo mrefu.

"Solid Space" ni anga tupu, pana, vinanda vimetanda. Baada yake kuna "Moon Ra / Chords / Song of Search", karibu dakika 13. Hapa ndipo walio wengi wanapoikata albamu, na hapa ndipo moyo wake ulipo, kwa hiyo nakugawia vipande.

Sehemu ya kwanza ni hofu ya abiria. Sauti zinarudia maneno yaleyale, zinazunguka, zinapandiana, na utahisi msongamano. Ndivyo inavyotakiwa. Usidhani hedifoni zimeharibika, wala usipunguze sauti. Vumilia.

Kisha "Chords": vinanda vinaangusha milio mizito, mmoja baada ya mwingine, kama milango mikubwa inayofunguliwa kwa zamu. Msongamano unavunjika.

Halafu "Song of Search". Hapa hakuna anayekusimulia chochote. Nyuzi zinadonolewa taratibu, kila kitu kinatulia, hofu inayeyuka. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko yote katika albamu, na naamini ndiyo sababu Anderson alijitaabisha miezi yote ile. Angekuwa mwandishi wa hadithi angetuambia kwamba abiria walitulia. Yeye anakutuliza wewe. Kama ulivumilia msongamano kule mwanzo, utuo huu utauhisi mabegani. Kama uliruka, utasikia vinanda vya kubembeleza tu, na utashangaa tunasifu nini.

8. "To the Runner", kisha kimya.

Wimbo wa mwisho ndio ulio karibu zaidi na nyimbo ulizozizoea: una beti, una kiitikio, maneno yanasikika. Wamefika. Ukiisha, usiweke kitu kingine hapohapo. Dakika mbili tatu tu. Programu nyingi zina tabia ya kuendelea zenyewe na wimbo wa mtu mwingine. Izime tabia hiyo mapema, kwenye hatua ya 2.

9. Rudia kesho au keshokutwa, ukifuata kitu kimoja.

Mara ya pili chagua kinubi tu. Kila kinapoingia, kiangalie kinafanya nini. Mara ya tatu chagua sauti za nyuma, uhesabu ni ngapi unazoweza kuzitenganisha. Mara hizi tatu, ndani ya wiki moja, zinatosha kukuambia kama albamu ni yako au si yako. Kuhukumu baada ya mara moja ni mapema, na kurudia mara tatu kwa siku moja kunachosha sikio.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kuanza na wimbo unaosifiwa. Mtu anaambiwa "Flight of the Moorglade" ni mzuri, anausikiliza peke yake, anauona wa kawaida. Utamu wake unatokana na dakika saba za Qoquaq zilizoutangulia. Umekula sukari bila chai.

Kusikiliza YouTube yenye matangazo. Tangazo la sabuni katikati ya "Song of Search" linafuta dakika 10 za kazi. Kama huna njia nyingine, hakikisha angalau si vipande vilivyopakiwa kimoja kimoja.

Kusikiliza ukiwa njiani. Ndani ya daladala au matatu, mvumo wa injini unakula sehemu zote za kimya, na katika albamu hii sehemu za kimya ni nyingi.

Kusoma maelezo ya watu huku unasikiliza. Soma kabla, au soma baada. Macho yakisoma, sikio linalala.

Kubishana kabla ya kusikia. Kuna mjadala wa miaka mingi kwamba vinanda hivi vinafanana mno na vya Vangelis, mpiga vinanda wa Kigiriki, kwa hiyo lazima Vangelis alikuja akapiga kwa siri. Wawili hao walijuana kweli. Anderson aliimba kwenye albamu ya Vangelis ya Heaven and Hell ya 1975, na baadaye walitoa albamu pamoja, ya kwanza ikiwa Short Stories ya 1980. Lakini Anderson amekana jambo hilo. Mimi namwamini: upigaji wa vinanda hapa ni wa mtu anayetafuta njia kwa vidole, si wa bingwa. Anakaa kwenye sauti moja muda mrefu, anabadilisha taratibu, na uzuri mwingi wa albamu unatoka hapohapo.

UKIKWAMA

"Nasinzia." Kama ni usiku wa manane baada ya kazi, ni usingizi tu, kalale. Kama unasinzia mchana, pengine umeweka sauti chini mno. Ongeza kidogo na ukae wima, usijilaze.

"Sauti yake inanikera." Anza mara ya pili kutoka wimbo wa tatu, "Dance of Ranyart", ambao unafunguka kwa kinubi, uache sauti ikujie polepole. Ikiendelea kukukera hadi mara ya tatu, basi. Masikio ya watu hayafanani, na hakuna dhambi.

"Nimepotea, sijui tumefika wapi kwenye kisa." Tumia vituo hivi vitatu: ngoma na kuitikiana ni makabila kukusanyika, wimbo wa furaha wa tano ni kupaa, msongamano wa sauti ni Moon Ra. Ukijua kituo kimoja unajua na kilichotangulia.

"Nasikia ala upande mmoja, upande wa pili hafifu." Angalia kama simu imewekwa kuunganisha sauti kuwa ya upande mmoja, mpangilio huo huwa kwenye sehemu ya usaidizi wa kusikia. Pia angalia plagi ya hedifoni imeingia mpaka mwisho. Mdogo wangu alilalamika siku nne kwamba albamu haina sauti za nyuma, kumbe plagi ilikuwa nusu nje kwa sababu ya kava nene la simu.

"Kuna kukatika kidogo kati ya nyimbo." Ni programu yako, si albamu. Rudia hatua ya 2, au tafuta toleo lenye faili moja ndefu.

"Nimeipenda, niende wapi?" Kaa kwanza na wenzake wa kipindi kilekile, uone watu wa kundi moja walivyoachana njia. Fish Out of Water ya Chris Squire, ya 1975, ina okestra na besi iliyosimama mbele kabisa. The Story of I ya Patrick Moraz, ya 1976, nayo ni albamu ya kisa, lakini yenye midundo ya Kibrazili, moto kuliko hii. Ukitaka zaidi sauti ya Anderson juu ya vinanda, chukua Short Stories. Relayer iache ya mwisho: ni kali, na itakuingia vizuri zaidi ukishaizoea sauti hii.